Pikipiki Iliyogoma Alfajiri

Sajini Leodegar alipiga kiki ya kumi na nne, kisha akaiegemea pikipiki avute pumzi. Haikuwaka. Haikukohoa hata mara moja.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, katikati ya Julai, na ua wa kituo cha polisi ulikuwa umelowa umande. Watu wa Dar es Salaam wakipigwa na kipupwe hujifunika gubigubi kama wenye homa, jambo ambalo Leodegar, mzaliwa wa milima ya Umatengo, alikuwa akiwacheka kwa miaka kumi na moja. Asubuhi hiyo yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta.

"Kumi na nne," alimwambia Inspekta Sadallah, mkuu wake, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi. "Umehesabu, afande?"

"Nimehesabu."

"Jana mchana uliipiga ngapi?"

Sadallah alikunywa chai kwanza. "Moja."

Kiki hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Fransis gerezani. Fransis alikuwa mwendesha pikipiki wa zahanati ya Kichangani, kijiji cha ujamaa kilichokuwa baina ya Kawe na Wazo. Jumanne alfajiri, Eufrazia, mke wa mchongaji vinyago aitwaye Marselino, alijifungua mtoto wa kike pale zahanati, kisha damu ikakataa kukatika. Nesi, Sista Mauwa, akamtuma Fransis akaite gari la wagonjwa. Pikipiki haikuwaka. Fransis alihangaika nayo karibu saa nzima, mwisho akaiacha, akakimbia kwa miguu hadi Kawe. Gari lilipofika, jua lilikuwa limeshapanda na Eufrazia alikuwa ameshafunikwa khanga.

Siku hiyo hiyo Marselino alikuja kituoni, akaandikisha kwamba Fransis ni mzembe, kwamba pikipiki ilikuwa nzima, na kwamba Jumatatu mchana aliiona kwa macho yake ikiwaka bila taabu. Jumatano polisi wakaichukua kwa lori. Ikashushwa uani, ikakaa juani, na saa nane mchana Inspekta Sadallah akaipiga kiki moja ikawaka. Akaandika kwenye jalada: pikipiki nzima, mtuhumiwa mwongo.

Leodegar alikuwa fundi wa karakana ya polisi kwa miaka sita kabla ya kuhamia upelelezi. Alipousoma mstari ule alikasirika, wala hakuficha. Pikipiki kuwaka saa nane mchana si hoja juu ya saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana aliiacha ilale nje usiku kucha, akaja kuijaribu kabla jua halijaigusa.

"Jalada linatakiwa mahakamani leo saa nne," Sadallah alisema. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Hakimu akimhurumia sana ni miaka mitatu. Una saa nne na nusu, Sajini, na usinigeuzie kituo karakana."

Leodegar alikuwa ameshachuchumaa na spana mkononi.

Alianza na plagi. Fundi mwenye papara hufungua kila kitu kwa mpigo, halafu hajui kilichokuwa kibovu ni kipi. Leodegar aliamini kufungua kimoja, kukikagua, kukirudisha, ndipo aguse kingine. Plagi ilitoka imelowa. Aliifuta, akaivalisha waya wake, akaigusisha kwenye injini na kusukuma kiki taratibu. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. Umeme upo. Akavuta choki, akachungulia kwenye kabureta, akaona kibati kimefunga barabara. Akafungua kichujio cha hewa, akakikuta kisafi kabisa. Kilikuwa kimeoshwa, tena si zamani. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kupiga kiki, na pumzi ya injini ikakisukuma kidole nje. Injini ilikuwa na nguvu zake.

"Mzembe haoshi kichujio cha hewa," alisema, nusu kwa mkuu wake, nusu peke yake.

Ilibaki petroli. Aliinusa plagi. Akaisogeza kando, akavuta hewa safi, akainusa tena.

"Afande, njoo. Hii inanuka nini?"

"Petroli."

"Nusa kama mtu aliyepika kwa jiko la utambi."

Sadallah aliinama, akanusa, akanyanyuka polepole. "Mafuta ya taa."

Lakini pua haisimami kizimbani. Leodegar alichukua ukurasa wa gazeti la juzi, akadondosha tone moja kutoka tangi la pikipiki na tone jingine kutoka Landrova ya kituo, akaandika kwa penseli lipi ni lipi. Chai ya Inspekta haijaisha, doa la Landrova lilikuwa limekauka na karatasi imerudi kama ilivyokuwa. La pikipiki lilibaki, likang'aa, kama karatasi iliyofungiwa andazi. Na pikipiki hii haikuwa zile za kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Tangi lake halikupaswa kuacha doa lolote.

Mwisho alimwaga tangi lote kwenye debe, akasafisha kabureta, akatia chupa moja ya soda ya petroli ya Landrova. Sadallah alinung'unika, maana mwaka ule petroli ilitolewa kwa kibali na kila tone lilikuwa na mwenyewe. Injini ilikuwa bado baridi, na jua lilikuwa halijachomoza. Kiki ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikawaka.

Wote wawili walisimama wakiisikiliza ikinguruma.

"Mafuta ya taa yakishapata joto yanaungua vizuri tu," Leodegar alisema. "Pikipiki ikikaa juani, au ikishawaka ikachemka, huoni tofauti ila moshi. Ikiwa baridi, utapiga kiki mpaka mguu ukatike. Fransis alisema kweli, afande."

"Basi nani kayatia?"

"Ngoja nikamuulize mwenye pikipiki."

Fransis, mtu wa Masasi, mwembamba, wa miaka kama thelathini hivi, alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mguu wake wa kulia umevimba kifundoni kwa kupiga kiki. Alijaribu kusimama. Leodegar akamwonyesha kwa mkono akae.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nimeiwasha pikipiki yako. Tangi lilikuwa na mafuta ya taa."

Alitegemea mshangao. Mtu akiambiwa kwamba kilichokuwa kimfungulie mlango kimepatikana, humshukuru Mungu wake, kisha swali la kwanza huwa nani kanifanyia hivi. Fransis hakuuliza. Aliinamisha kichwa tu.

"Andika nilichelewa, afande."

"Nani kayatia?"

"Mie sijui."

"Sista Mauwa ana friji ya chanjo pale zahanati. Friji ile inatumia mafuta ya taa. Ni yeye?"

"Sista hana kosa." Alijibu upesi mno. "Hana kosa kabisa. Kosa langu. Mwanamke kafa, mie ndiye niliyetumwa, nikachelewa. Lete karatasi nitie saini."

"Una mke, Fransis?"

"Ninaye. Na watoto wawili."

"Unataka wakae miaka mitatu bila wewe kwa mafuta ya taa ya mtu mwingine?"

Fransis aliukandakanda ule mguu wake uliovimba. Leodegar alijua hata angebaki pale mpaka saa nne asingepata kitu. Waongo waliotaka kutoka ndani alikuwa amewaona wengi. Mwongo aliyetaka kuingia ndani ndiyo kwanza akutane naye, na jambo hilo lilimtia simanzi ambayo hakuielewa.

Alikwenda Kichangani kwa pikipiki ile ile. Barabara ya lami iliishia mbali na kijiji, na kutoka hapo ulikuwa mchanga mtupu, gurudumu likizama mpaka dereva ashushe mguu. Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Sista Mauwa, nesi wa makamo aliyekuja Pwani kutoka Lindi, alikuwa akikunja vitambaa vya pamba. Aliposikia mlio wa pikipiki alitoka mbio hadi mlangoni, akamwona askari, uso ukamsinyaa.

"Nilidhani mmemwachia," alisema.

"Bado, Sista. Friji yako ina mafuta?"

"Friji?" Alicheka kicheko kisicho na raha. "Wiki ya tatu hii haijaonja mafuta. Chanjo nilizipeleka mjini mwenyewe, kwenye ndoo ya barafu. Kafungue uone."

Leodegar alifungua. Ndani mlikuwa na joto na mende wawili. Alilala kifudifudi akatazama kitangi cha chini: kikavu, utambi umekakamaa, vumbi halijaguswa. Alikuwa amekuja na hakika ya nusu kwamba nesi ndiye aliyeuza petroli ya pikipiki na kujazia pengo kwa mafuta ya friji. Hakika hiyo ikafa pale sakafuni. Alijipangusa vumbi, akamwomba radhi kimoyomoyo.

"Nieleze asubuhi ile. Ulichokiona kwa macho."

"Mie mikono yangu ilikuwa juu ya tumbo la Eufrazia, namkanda, afande, nikichungulia dirishani. Pikipiki wiki mbili hizi inakataaga asubuhi. Fransis anaipiga mpaka jasho, ikishawaka mchana kutwa haina neno. Lakini Jumanne ilikataa moja kwa moja. Marselino mwenyewe akaja kumsaidia kuisukuma. Kwenye mchanga huu utasukuma wapi? Basi Fransis akafungua kile kidude, plagi, akakinusa."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Akamtazama Marselino. Akamtazama hivi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikamfokea dirishani, 'Fransis, unangoja nini, mtu anakufa!' Ndipo akatupa spana akakimbia. Viatu vyake hata leo vipo hapo kibarazani."

Leodegar aliandika yote. Kisha akauliza lile alilopaswa kuuliza kwanza, na alijilaumu kwa kuchelewa.

"Pikipiki inalala wapi?"

"Humu hamna chumba chenye kufuli. Inalala kwenye ghala la ushirika wa wachongaji, lile pale. Ufunguo mmoja anao Fransis, wa pili anao mtunza ghala."

"Mtunza ghala ni nani?"

Vitambaa vilitulia mikononi mwa Sista Mauwa. "Marselino," alisema.

Askari haingii kupekua nyumba ya mtu bila balozi wa nyumba kumi kuwapo. Balozi wa pale alikuwa Bi Chausiku, mama mzito wa mwili na wa maneno, naye alikuja na mtoto mchanga kifuani, amefungwa kwa kipande cha khanga. Leodegar hakuhitaji kuuliza mtoto ni wa nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumemzika mama wa huyu jana, Sajini. Matanga hayajaanuliwa, nawe unakuja na madaftari!"

"Nisamehe, mama. Kuna mtu anakwenda kufungwa saa nne."

Bi Chausiku alimtazama, akaguna, akatangulia.

Marselino alikuwa ndani ya ghala, amekaa kwenye kigoda, patasi na nyundo kando yake bila kuguswa. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono mipana, na macho yake yalikuwa yamevimba. Alipowaona alisimama kwa heshima.

"Mmekuja kuniambia hukumu?"

"Bado. Nimekuja kutazama pikipiki inapolala."

Marselino alionyesha kona. Leodegar hakuitazama sana kona. Alitazama rafu. Vinyago vilikuwa vimepangwa safu mbili: vya juu vyeusi, vikavu, vinavyong'aa, vya chini vyeusi vilevile lakini vimefubaa, vimejaa vumbi. Alishika kimoja cha chini. Kidole kilitoka cheusi.

"Hivi vya chini mbona vinanata?"

Kwa mara ya kwanza Marselino alizungumza kama fundi anayemwelewesha mtu asiyejua kazi. "Hivyo nilivipaka mwanzo. Mpingo siku hizi haupatikani, afande, tunachonga mti mweupe, kisha tunaupaka dawa nyeusi ya viatu. Dawa lazima uiyeyushe, iwe nyepesi, iingie ndani ya mti. Hivyo vya chini niliyeyushia kwa mafuta ya taa. Havikauki, hata ungoje mwezi. Ukiyeyushia kwa petroli, nusu saa kimekauka. Hivyo vya juu ni vya petroli."

"Na petroli unaipata wapi?"

"Hapa hapa." Alielekeza kidevu kwenye kona ya pikipiki. Hakusita wala hakuteremsha sauti. Alitoa chini ya benchi kipande cha mpira na chupa mbili za soda, akaviweka mbele yao. "Lakini si wizi, afande, Mungu ananiona. Nikinyonya chupa moja ya petroli, narudisha chupa moja ya mafuta ya taa. Kipimo kile kile, hata tone halipungui. Na mafuta yenyewe ni ya mgao wangu, ya nyumbani kwangu. Mwezi mzima tumekaa gizani kwa ajili hiyo. Eufrazia alikuwa ananung'unika, anasonga ugali haoni sufuria. Nikamwambia vumilia, cha watu lazima kirudishwe."

"Fransis ulimwambia?"

"Angenikatalia, unawajua watu wa kazi za serikali. Lakini alipungukiwa na nini? Mafuta nimetoa, mafuta nimetia."

Hapakuwa na wizi hata kidogo katika uso ule. Leodegar alikuwa amekamata watu wengi, na daima ilifika dakika ambayo alifurahi, japo kidogo, kwa kuwa amepata alichokuwa akikitafuta. Leo hakufurahi. Alitamani awe amekosea, alitamani apande pikipiki arudi zake na kuandika kwamba aliyetia mafuta hajulikani. Bi Chausiku alikuwa ameshaelewa. Alivuta khanga akamfunika mtoto kichwa, kana kwamba maneno yaliyokuwa yanakuja ni upepo.

Marselino aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwani vipi?"

Leodegar alikirudisha rafuni kile kinyago kinachonata.

"Mafuta ya taa yanawaka, afande. Taa inawaka, jiko linawaka."

"Taa ina utambi, Marselino. Jiko lina utambi. Pikipiki ikiwa baridi haiwezi kuyawasha."

"Iliwaka! Jumatatu mchana nimeiona mwenyewe, nimeandikisha kituoni!"

"Mchana kuna jua."

Marselino alikaa kwenye kigoda. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Jumatatu jioni nilitia chupa mbili," Marselino alisema. Hapakuwa na mtu aliyemuuliza. "Siku nyingine huwa moja. Jumatatu nilitia mbili. Nilikuwa nawahi kumaliza vinyago vyote, nipate kukaa nyumbani na Eufrazia akishajifungua."

"Mwanangu," Bi Chausiku alisema, "usiseme tena."

"Fransis alijua?" Marselino aliuliza.

"Alijua alipoinusa plagi," Leodegar alisema.

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

Hakulia. Alisimama, akatafuta shati lake kwenye msumari, akalivaa na kulifunga vifungo kimoja kimoja mpaka juu. Alimsogelea Bi Chausiku, akamtazama mtoto aliyefunikwa, lakini hakumgusa. Akatoka nje na kusimama kando ya pikipiki, akingoja apelekwe.

Kituoni, Inspekta Sadallah alisoma maelezo ya Marselino mara mbili, yakiwa na alama ya kidole gumba chini yake. Hakutafuta udhuru. Alilichukua jalada, akakata kwa wino ule mstari wake wa Jumatano, akaandika jina lake na tarehe pembeni. "Mfungulie Fransis," alisema. "Huyu wa pili sijui nimwandike kosa gani. Hakimu ataamua."

Fransis aliletwa akichechemea, miguu mitupu. Alimwona Marselino kwenye benchi, akasimama katikati ya chumba.

"Nimekushitaki," Marselino alisema bila kuinua uso. "Nimekuja hapa kwa miguu yangu nikakushitaki, nawe ulikuwa unajua. Kwa nini hukusema?"

Fransis alikwenda akakaa kando yake, bega kwa bega, kama watu wanaokaa matangani. Alimgeukia Leodegar, na macho yake yalikuwa na hasira ambayo Sajini hakuwahi kutazamwa nayo na mtu aliyemtoa mahabusu.

"Nilikwambia uandike nilichelewa, afande."

"Ungefungwa miaka mitatu bure."

"Ningefungwa. Miaka mitatu ingepita, ningetoka." Aliweka mkono mgongoni kwa Marselino. "Huyu atatoka lini?"